Maji ya Kisima cha Marehemu

Mara ya kwanza mita ya tindikali iliposoma nne nukta sita, chini sana ya saba ya maji safi, mpimaji alijiambia mashine imechoka. Maji yale yalitoka kwenye kisima alichochimba marehemu mumewe kwa mikono yake, kabla kifua hakijamlaza, na mtaa mzima ulimwombea rehema kila ulipoteka.

Akaisuuza ncha ya kioo ya mita kwa maji safi ya maabara, akaigusisha karatasi laini ikauke, bila kuisugua. Akaichovya katika kimiminika cha kusahihishia mita, chenye kipimo cha saba, akangoja tarakimu zitulie, akairekebisha. Kisha katika kile chenye kipimo cha nne, akairekebisha tena. Moyoni aliomba mita iwe na kasoro. Haikuwa nayo. Iliporudi kwenye maji ya kisima, ikatoa jibu lilelile.

Mkuu wa maabara, aliyemjua marehemu, alimwambia taratibu kwamba kazi ile angeweza kumpa mwingine. Akakataa. Habari kama hiyo, alisema, heri mama mkwe aisikie kwake kuliko kwa majirani.

Alimkuta uani, ndoo imejaa. Akamweleza kwamba maji yameingia tindikali na yanalila bomba la pampu, na kwamba nyuma ya ukuta, kwenye karakana mpya ya betri, maji ya betri humwagwa ardhini. Mama mkwe alisikiliza, mikono mapajani.

"Kwa hiyo mwanangu alikosea kuchimba pale?"

"Hapana, mama. Yeye alichimba maji safi. Yameharibiwa na waliokuja nyuma yake."

"Una hakika? Mbona nayanywa tu."

"Nimepima nikarudia, mama. Nilitamani sana mashine ndiyo iwe inadanganya."

Mama mkwe akainuka, mkono kiunoni, akaimwaga ndoo. Marehemu hana tena kinywa, alisema. Wa kumsemea ni sisi. Wakatoka pamoja, mlango kwa mlango, kuwaonya majirani. Wengine waliguna, mmoja akauliza kama wanataka watu wafe kiu. Lakini kufika jioni mpini wa pampu ulikuwa umefungwa mnyororo.

Karakana ilihamishwa baadaye. Kisima hakikufunguliwa tena. Mama mkwe alizoea kuteka kwenye bomba la mbali, na mpimaji, kila alipotoka kazini, alipitia huko kumpokea ndoo.