Mkono wa Kulia wa Lyle Vavra

Jumatano ya mwisho ya Aprili, baada ya mazoezi, Lyle Vavra alikuwa amekaa katika chumba cha matibabu pembeni mwa uwanja. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama hadi begani ndani ya pipa la maji ya barafu, na wa kushoto ulishika mkate wa nyama na jibini. Kando yake Amos Tiedeman alikuwa akikaza upya kamba za glavu yake. Amos alikuwa mdakaji wa timu ya besiboli ya Chuo cha Harlan Fork, na Lyle alikuwa mrushaji. Kwa miaka mitatu mmoja alirusha na mwingine akachuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea, na mengi waliyokuwa nayo ya kuambiana waliambiana kwa vidole.

Jo, mtabibu wa timu, aliutoa ule mkono kwenye pipa, akaufuta kwa taulo, akaona kwamba vinyweleo vyake vimeota mvi. Aliugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akabonyeza ngozi ya nyuma ya kiganja na kutazama inavyochelewa kurudi.

"Huu una miaka arobaini na tano," alisema. "Hamsini haijafika."

"Mimi nina ishirini na moja," Lyle alisema huku anatafuna.

"Wewe ndiyo. Sikuzungumzii wewe."

Sababu ilijulikana. Mrushaji akishamaliza mechi nzima hupumzishwa karibu wiki, lakini Lyle alikuwa akirusha Ijumaa na kurudia Jumapili, kwa kuwa wenzake wawili wa kutegemewa hawakuwapo. Mmoja alifeli kemia. Mwingine alianguka kwenye trekta la baba yake. Msimu ulikuwa unaelekea ukingoni, Harlan Fork walishika nafasi ya tano, na timu zinazokwenda kwenye mashindano ya kanda ni nne. Hawakuwahi kulibeba kombe la kanda tangu uwanja wao ulipokuwa shamba la mahindi.

Jo alikwenda kumwambia Kocha Rademacher. Kocha alikuwa mtu mpole asiyepaza sauti, na alimsikiliza hadi mwisho. Aliuliza kama mkono una homa. Hauna. Aliuliza kama unaweza kuinuka juu ya sikio. Unaweza. Akamshukuru, na Ijumaa akampa Lyle mpira.

Harlan Fork walishinda. Jumapili walishinda tena.

Mkono ulipokuwa kijana ulikuwa na nguvu tupu, lakini sasa ulianza kuwa na akili. Amos angeonyesha kidole kimoja katikati ya magoti, maana yake mpira wa kasi, na Lyle angetikisa kichwa kukubali. Kisha ungekuja mpira wa taratibu, unaokata kona kama mtu aliyekumbuka amesahau kofia, na mpigaji angekuwa ameshapunga gongo lake hewani zamani.

"Nilitaka wa kasi," Amos alisema walipokaa benchi wakitema maganda ya alizeti.

"Na mimi nilikubali. Wenyewe ndio haukutaka."

"Basi uambie siku nyingine unijulishe mapema. Nusura unipige kooni."

"Nimeuambia. Haunisikilizi, unaniona mtoto."

Wachezaji waliuzoea upesi. Kwenye basi waliuachia upande wa dirishani. Beto Arrieta, mlinzi wa kushoto ambaye hakuwahi kunyamaza hata kanisani, alikuwa akiuamkia kila asubuhi.

"Shikamoo, babu. Umelalaje? Kiwiko?"

Mkono ulikuwa ukiinuka taratibu na kumpapasa kichwani.

"Mmeona? Nimebarikiwa. Leo napiga mpira mpaka ng'ambo ya barabara kuu."

"Wewe?" Lyle alisema. "Wewe hujapiga kitu tangu Machi. Babu anakupa pole."

Mvua ilipokaribia, mkono ulivimba kwenye vifundo vya vidole, na watunza uwanja wakaacha kusikiliza redio na kuanza kumuuliza Lyle kama watandike turubai. Mwandiko wake darasani ukageuka, ukawa ule wa kuunganisha herufi waliofundishwa mabibi, na mwalimu wa historia akampandishia alama. Jioni, kabla jua halijazama vizuri, mkono ulisinzia. Lyle alikula chakula chake cha jioni kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umelala mezani kando ya sahani, na wenzake walipunguza sauti.

Kwenye mechi ya mwisho kabla ya mashindano alikuja mtu wa kutafuta vipaji kutoka klabu ya wanaolipwa. Aliketi nyuma ya wavu na kofia yake ya majani, akatazama duru tatu, akasema hajaona ufundi kama ule tangu alipokuwa mdogo. Aliomba kuuona mkono kwa karibu. Akaushika kwa mikono yake miwili, akautakia afya njema, akaondoka. Klabu yake ilikuwa haisajili mikono iliyopita miaka thelathini.

"Potelea mbali," Lyle alisema. "Nitarudi kwa baba kuchunga ng'ombe. Kamba ya kunasia ndama hainihitaji niwe hodari sana. Inahitaji mkono tu."

Amos aliutazama ule mkono ulivyolala pajani mwa rafiki yake, madoa ya uzee yametapakaa mpaka kwenye kiwiko, akakokotoa bila kutaka. Kila mechi uliongezeka kama miaka kumi. Mashindano ya kanda yalikuwa ya siku tatu.

Jo naye alikuwa ameshakokotoa. Alimsubiri Amos kwenye maegesho asubuhi waliyoondoka, timu ikiwa imeshika nafasi ya nne.

"Akirusha zote tatu, mkono utakufa," alisema. "Yeye atabaki mzima, na miaka yake ishirini na moja. Mkono ndio utakaokufa."

"Mwambie Kocha."

"Nimeshamwambia. Mimi si mtu anayeulizwa, Amos. Unayeulizwa ni wewe."

Alisema kweli. Katika mchezo ule, mrushaji akianza kuyumba, kocha hutoka benchi na kutembea hadi kwenye kichuguu anaposimama mrushaji, mdakaji naye huja. Kocha huuliza hali. Mrushaji hujibu kwamba yuko sawa, hata kama mfupa unaonekana, kwa kuwa mrushaji anayekiri kuchoka huonekana ameutupa mpira matopeni. Kisha kocha humgeukia mdakaji. Mdakaji husema mpira unakuja vizuri. Amos alifundishwa hivyo na baba yake, ambaye naye alikuwa mdakaji, na hakuwahi kusikia mdakaji aliyejibu vingine. Lakini swali huulizwa, na jibu ni lake.

Mashindano yalifanyika katika mji wa maghala ya nafaka, mwendo wa saa nne kwa basi, upepo ukitoka magharibi. Kabla ya ufunguzi makocha wa timu nne walikutana katikati ya uwanja na kusalimiana kwa mkono wa kushoto. Wote walikuwa warushaji ujanani, na mikono ya kulia ya mashati yao ilikuwa mitupu, imekunjwa na kubanwa kwa pini, imepigwa pasi vizuri.

Alhamisi mkono ulikuwa na miaka sabini na kitu. Ulirusha duru zote tisa bila haraka. Wapigaji wa timu ya pili kwa ubora walirudi benchi mmoja mmoja wakisema hawana la kulalamikia.

Ijumaa ulikuwa na themanini. Ulitetemeka ukishika kikombe, na Beto aliukatia nyama. Kwenye kichuguu haukutetemeka. Katika duru ya saba Kocha alitoka, akauliza hali, Lyle akasema yuko sawa, na Kocha akamtazama Amos.

"Unakuja vizuri," Amos alisema.

Lilimtoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia jina lake. Wakashinda. Usiku ule Amos hakula, na Beto alikula cha kwake pia.

Jumamosi mchana, kwenye fainali, mkono ulikuwa na miaka tisini na zaidi. Jo aliuvisha sweta ya sufu hadi dakika ya mwisho. Ulikuwa mwepesi, umebaki ngozi na mishipa, na Lyle alilazimika kuuinua kwa mkono wa kushoto hadi begani. Kutoka hapo wenyewe ulijua njia. Mipira yake ilikuwa ya taratibu hata mashabiki waliweza kusoma maandishi yaliyochapwa juu yake, na hakuna aliyeipata. Wengine walipunga mapema, wengine walipunga, wakasubiri, wakapunga tena, na bado haijafika.

Mwanzoni mwa duru ya tisa Harlan Fork waliongoza kwa bao moja. Walikuwa wamebakiwa na wapigaji watatu wa kuwatoa. Mkono ulining'inia, vidole vimegeuka buluu. Kocha Rademacher alitoka benchi, akavuka mstari bila kuukanyaga, akapanda kichuguu. Amos alivua kinyago chake akamfuata.

"Unajisikiaje, mwanangu?"

"Niko sawa, Kocha."

Kocha akamgeukia Amos. "Nawe unasemaje?"

"Unakufa, Kocha," Amos alisema. "Jo anasema haumalizi duru hii. Mtoe. Tunaye Hinrichs, anaweza kurusha. Tukishindwa tumeshindwa."

Upepo ulikuwa unavuma. Kocha aliushika mkono kwenye kifundo kwa vidole viwili, kama daktari wa mifugo, akatazama mbali kuelekea kwenye maghala akihesabu kimoyomoyo.

"Mshipa bado unapiga," alisema.

"Kidogo sana."

"Kidogo. Lakini ni watu watatu tu." Akampigapiga Amos mgongoni kwa upole. "Umefanya vizuri kuniambia ukweli. Wengi hawasemi."

Akarudi benchi. Lyle alikuwa amemkazia Amos macho.

"Umeniuza," alisema.

"Nilikuwa nauokoa."

"Nani kakutuma? Mbele ya watu wote? Miaka mitatu nakurushia wewe, halafu leo unaniuza." Alifuta uso kwa bega. "Nenda kachuchumae."

Amos alikwenda akachuchumaa. Mpigaji wa kwanza alipiga mpira hafifu ukamfikia Beto, akamtoa. Wa pili alipunga mara tatu bila kugusa kitu, naye akatoka. Wa tatu alikuwa jitu la kutoka upande wa mito, na alishakosa mara mbili Lyle alipouinua mkono begani kwa mara ya mwisho. Amos hakuonyesha kidole chochote. Mkono ulizunguka, ukaachia mpira, ukaanguka ubavuni, ukafa. Mpira uliendelea na safari yake. Jitu lilipunga, likakosa, na mpira ukaingia kwenye glavu ya Amos bila kutoa sauti.

Kocha wa upande wa pili alikuja kuuliza kama mrusho wa mkono uliokufa unahesabika. Waamuzi walikutana, wakafungua kitabu cha sheria. Waliona kwamba mkono ulikuwa hai mpira ulipotoka, na baada ya hapo sheria inautazama mpira tu. Kocha yule alisema ni haki, akatoa mkono wake wa kushoto. Harlan Fork wakawa mabingwa wa kanda. Walipomrukia Lyle kwa furaha walimrukia upande wa kushoto, kwa adabu.

Mkono ulijitoa wenyewe begani njiani kurudi, bila damu, kama mpini wa kikombe cha zamani. Waliuzika Jumanne nyuma ya uzio wa mbali wa uwanja, wakiuita 'yeye' kama mtu. Wanawake wa kanisa la Kilutheri walileta viazi vya kuoka na jibini, saladi ya mayai, na keki za limau. Mchungaji alisoma aya wanazosomewa waliojaliwa umri mrefu. Alisema marehemu alishiba siku, na watu wakaitika. Babake Lyle, aliyekuja na gari la kubebea ng'ombe kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo, alisimama nyuma na kofia mkononi. Alipoulizwa kama ana neno, alisema ule mkono ulizaliwa Oktoba, wa kwanza kutoka, kabla hata ya kichwa, na kwamba anaukumbuka. Akavaa kofia yake. Kocha alisema machache. Alisema haukuwahi kukataa.

Baadaye watu walikula wamesimama, sahani za karatasi zikipepea. Lyle alikuwa hajasema na Amos tangu Jumamosi. Alikuwa ameegemea uzio akila keki kwa mkono wa kushoto, bila kudondosha hata chembe. Kocha Rademacher alimtazama anavyokula kwa muda. Kisha akatoa mpira mfukoni na kumrushia, taratibu. Lyle akaweka sahani juu ya nguzo, akaudaka.

"Hebu nione," Kocha alisema.

Lyle aliutupa. Mpira ulikwenda ovyo, ukagonga gari la babake, ukabingirika kwenye majani hadi miguuni pa Amos.

"Si mbaya," Kocha alisema. "Tuna kiangazi kizima."

Lyle aliunyoosha ule mkono wa kushoto mbele yake, akautazama. Ulikuwa laini, na vinyweleo vyake vilikuwa vya rangi ya ngano. Kisha akainua macho, akamtazama Amos kwa mara ya kwanza tangu fainali, akangoja.

Jo alikuwa kwenye meza ya keki, kisu mkononi, naye akimtazama Amos.

Amos aliokota mpira. Akamrushia Lyle, akarudi nyuma hatua zinazotakiwa, akavuta suruali yake nzuri ya mazishi magotini ili isichanike, akachuchumaa.