Kidole cha Bibi Honorine

Kwa picha yake ya Petro akimkana Yesu, mchoraji Malaterre alikuwa na Petro mzuri na mjakazi mbovu. Petro alikuwa mzee Théodule, ambaye ndevu zake ndizo zilizomlisha: kila mchoraji wa mtaa wa Montmartre, Paris, aliyetaka mtume au nabii alimwita yeye. Mjakazi, yule anayemnyooshea Petro kidole penye moto na kusema huyu naye alikuwa na Yesu, alikuwa binti mpole mno. Akiambiwa akasirike, anatabasamu kama anayepokea maua. Kesho jioni wachukuzi wangekuja kuipeleka picha kwa waamuzi wa maonyesho, na bila uso ule wenye hasira picha ilikuwa maiti. Malaterre alishamrudisha binti kwao, na sasa alikuwa akitafuna mpini wa brashi.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia Bibi Honorine, mjane muuza jibini, mchumba wa Théodule. Alikuwa ameapa kwamba haolewi na mwanamume ambaye kidevu chake yeye mwenyewe hajawahi kukiona, na Théodule alimwahidi kunyoa tangu Krismasi.

"Wewe mzee," alimwambia Théodule aliyekuwa bado kigodani, kidole kimeshatangulia. "Uliniambiaje?"

"Mimi? Sikusema kitu, mpenzi."

"Hukusema? Mbele ya dada yangu?"

"Dada yako hata simjui."

Malaterre alishtukia mkaa wa kuchorea uko mkononi mwake na tayari anachora. "Bibi," alisema taratibu, "nakuomba, usiushushe huo mkono."

Alichora mpaka mwanga ukaisha. Ilibaki rangi, na Honorine akakubali kurudi asubuhi.

Akarudi, lakini na gauni la hariri, nywele za mawimbi, na tabasamu pana, maana alikuwa amesikia kwamba Paris nzima itamwona. Malaterre nusura alie. Alimsihi akumbuke ya jana; akajibu kwamba yeye si mtu wa kuweka kinyongo.

Théodule, kwenye kigoda chake, akatazama dari, akazipapasa ndevu.

"Honorine, nimefikiri. Hizi nitazikwa nazo."

Kidole kikapanda.

Wachukuzi walipobisha hodi jioni, rangi ya shavu la mjakazi ilikuwa bado mbichi, na Honorine alikuwa hajamaliza aliyokuwa nayo moyoni. Akaisogelea picha, akaitazama.

"Huyu mwanamke anasema kweli," alimwambia Malaterre. "Hebu mwone huyo mzee anavyodanganya."