Kilio cha Chunxi

Suyun alikaa meza moja na wasichana wenzake, amenuna. Kesho Chunxi angeolewa, na kwa Watujia, watu wa milimani kule Uchina, bibi harusi asiyejua kuagana na jamaa zake kwa nyimbo za kilio ni aibu ya ukoo mzima. Kilichomuuma Suyun ni kwamba Chunxi alijua. Alijua mno.

Chunxi huyu aliletwa kwao yatima, katoka mjini, hajui hata neno moja la nyimbo hizo. Mama yake Suyun ndiye aliyemfundisha, kila jioni wakisaga soya: wapi avute pumzi, wapi sauti ikatike, mjomba amlilie kwa maneno gani. Suyun akiitwa, anacheka. "Mimi si nimetoka tumboni mwako, mama? Siku yangu ikifika, kilio kitakuja chenyewe." Kije chenyewe! Kutoka wapi?

Chunxi akajifunika leso usoni, akaanza. Wanawake mlangoni wakaacha kutafuna keki za mchele. Ilikuwa sauti ya mama yake Suyun, mpaka ule mkwaruzo wa mwisho wa pumzi.

"Jamani, mama yake mtupu!" alisema jirani mmoja. "Huyu kazaliwa tumboni mwake!"

"Kazaliwa wapi? Si yule wa kulea!" akadakia mwenzake.

"Hebu nitokee! Sauti ile kaipata wapi, sokoni?"

Suyun akamtazama mama yake: midomo inachezacheza, anamfuatisha Chunxi neno kwa neno, uso umemnawiri. Suyun hakukumbuka kama yeye aliwahi kutazamwa vile.

Mara Chunxi akamgeukia, akaimba kwa kilio, "Dada yangu, tumelala kitanda kimoja, nani sasa atakufunika miguu?"

Ikawa zamu ya Suyun kujibu. Alitaka kumshinda. Alitaka mama ageuke amwone yeye. Akafungua mdomo, wimbo haukuja. Yalikuja machozi, kisha kwikwi, kisha mayowe na kamasi, na neno moja tu, "Mama! Mama!"

Msichana mmoja akaziba mdomo asicheke.

Mama akaja mbio, akampangusa uso taratibu, kwa mapenzi kabisa. Kisha akawageukia wageni.

"Mniwie radhi, ndugu zangu. Huyu hajui kulia, anatokwa na machozi tu." Akamgusa bega. "Sogea kidogo, mwanangu."

Suyun akasogea. Mama akaketi pale pale alipokuwa Suyun, akashika mikono ya Chunxi, na wote wawili wakalia vizuri sana.