Mwacheni Asogeze Mwenyewe

Wazazi wenzangu, mimi niliishia darasa la saba na sataranji siijui. Lakini niliyoyaona sebuleni kwangu nayaandika, yasije yakawakuta na nyinyi.

Mume wangu ni fundi seremala. Kiharusi kilipomwangusha, mkono wa kulia ulibaki umekunja vidole kama jongoo aliyeguswa. Yule wa mazoezi ya viungo hospitalini aliposikia kuwa mgonjwa anacheza sataranji, akafurahi. Akasema acheze kila siku, na kila kete aishike kwa mkono huo huo mbovu, hata ikichukua nusu saa. Akatuonya kwamba vidole vikizoea kulala, kuviamsha ni kazi.

Basi kila alasiri kitinda mimba wetu, aliyemaliza shule juzijuzi, alikaa naye. Kete ni za mti, kazichonga baba mtu mwenyewe. Baba akihangaika kumnyanyua farasi, binti anamtania kwamba huyo farasi ameshiba, hataki kutoka zizini. Mwezi wa pili kidole gumba kikafunguka. Nililia jikoni peke yangu.

Kisha binti akaweka kwenye simu programu ya kucheza nayo, ati apate mazoezi. Mashine ile haikuni kichwa ikiwaza. Hujaondoa kidole, imeshajibu. Ikamfunga wiki nzima, halafu akaanza kuifunga yeye, na hapo ndipo alipopotea. Anakula amesimama. Anakinga maji huku anabofya, ndoo inafurika. Akikaa na baba yake, goti linatikisika chini ya meza mpaka kete zinagongana.

Nikadhani ni ujana tu, nikawa napita zangu. Siku moja napita na beseni la nguo, nikaona mkono wa baba uko hewani, unatetemeka, haujafika. Binti akanyoosha wa kwake, akamsogeza farasi wa baba yake.

"Najua ulikuwa unaenda hapo, baba. Hakuna pengine."

Baba akaurudisha mkono mapajani. Nikauliza mchezo huu wa kumchezea umeanza lini. Binti akasema kama wiki tatu hivi. Nikakitazama kidole gumba: kimerudi ndani ya ngumi.

Nilitaka kufoka, nikawahiwa. Baba mtu ndiye aliyesema, na maneno yake siku hizi hutoka moja moja.

"Sikuwa naenda hapo."

"Lakini ndiyo hatua nzuri kuliko zote. Hata mashine ingecheza hivyo."

"Basi cheza nayo. Mimi nataka kushika."

Binti akainama. Akamrudisha farasi alikotoka, akaikalia mikono yake yote miwili. Simu ikalia kabatini; akaitazama, hakuinuka. Vidole vya baba vikagusa, vikateleza, farasi akaanguka na kubingirika hadi ukingoni mwa meza. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono, nikaurudisha.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu hapo. Kidole bado. Hospitali wanasema tusubiri, na mimi nakichungulia kama maziwa yaliyo motoni.

Mwenye mtoto anayecheza na mashine, siku moja mkalishe mbele ya mtu wa polepole, umtazame goti. Likitikisika, usipite na beseni lako kama nilivyopita mimi.