Disketi ya Jumanne

Jumatatu asubuhi, kwenye kliniki ya kambi huko Kibondo, muuguzi Felisiani alimning'iniza mtoto mchanga wa Esteri kwenye mzani, na mshale haukutikisika. Aliugonga mzani kwa kidole, akaandika sufuri kwenye kadi, akamwambia Esteri amfunge mwanawe vizuri mgongoni kwa sababu nje kuna upepo.

Nyumbani Niyongabo, mumewe, alikuwa anamenya mihogo. Alikuwa amekufa kwa malaria Alhamisi iliyopita, siku ileile mtoto alipozaliwa, wakamzika Ijumaa. Jumapili alirudi na udongo kwenye suruali, akauliza jembe lake liko wapi.

Ni mambo ya kompyuta tu. Ile kubwa ya Kasulu, yenye orodha ya watu wa kambi, ilipigwa na radi Jumamosi, na ya Kibondo, ya akiba, ikashika kazi. Kila siku Kasulu walinakili waliozaliwa na waliokufa kwenye disketi, gari likaileta, na ile ya akiba ikazimeza kwa mpangilio wa siku. Esteri akaenda ofisi ya uandikishaji.

“Mama, disketi ya Jumanne ilinyeshewa njiani, Nyakitonto,” alisema karani Mwamvua. “Haisomeki. Na bila Jumanne, mashine haigusi Jumatano.”

“Mwanangu yuko kwenye ya Alhamisi! Si ile pale mezani, dada? Naiona!”

“Hata mimi naiona.”

“Basi iruke hiyo Jumanne!”

“Hairuki. Nimehangaika nayo mpaka nimechoka, wallahi.”

Mkuu wa ofisi akaingia. Malori ya mahindi yamefika, alisema, mashine ifunguliwe kwa mgao hivyohivyo ilivyo. Mwamvua akamwambia kwamba ikishafunguliwa haitazipokea tena disketi hizo, milele. Mkuu akasema mahindi hayasubiri. Mwamvua akabonyeza.

“Basi mwandikeni upya!” Esteri alifoka.

Mtoto huandikwa kwa kilo zake, mkuu alimjibu, akamwonyesha ile sufuri kwenye kadi. Na Niyongabo? Kufutwa sharti awe amekufa, naye huyo hapo nje, anamngoja mkewe. Esteri alisonya, akatoka.

Siku za mgao Niyongabo hupanga foleni, huchukua fungu lake na kumpa mkewe, maana yeye hali. Mtoto wao, Divine, sasa anatembea, na mawe kwenye mifuko ya gauni. Lake haliitwi kamwe, lakini jina lolote likiitwa, hata la jirani, hudakia, “Nipo!” Esteri humziba mdomo, na foleni husogea.