Vichwa vya Darasa la Kushona

Darasa la kushona la marehemu mke wangu lilifungwa kwa sababu ya rangi ya buluu. Sitanii. Bwana mkubwa wa ofisi ya mafunzo alipiga kufuli mlangoni, akasema hakuna kufundisha mpaka kitabu cha mafunzo kipitishwe. Tukapeleka kitabu. Akakirudisha: vichwa vya mada vingine vikubwa, vingine vidogo, vingine buluu, halafu orodha ya yaliyomo hakuna. Barabara ina mashimo ya kuzika ng'ombe, yeye anapima vichwa! Akaongeza kwamba kikirudi na kasoro tena, chumba atapewa mtu mwingine.

Nikaenda kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mwenye duka la kuchapa. Yeye ndiye aliyekusanya mafundisho ya dada yake kutoka kwa wanafunzi, neno kwa neno.

"Shem, umenuna kama umemeza limau."

"Limau wamekula wao. Mimi wameniachia maganda."

Akanivutia kiti mbele ya kompyuta. "Kosa letu tulipamba kila kichwa kwa mkono. Tazama. Unavipa vyote mtindo mmoja, halafu unarekebisha ule mtindo tu." Akabofya, akaondoa buluu, akaweka nyeusi nzito. Vichwa viwili vya mfano vikageuka kwa pamoja.

"Hata jeshini hawatii hivyo," nikasema.

"Sasa endelea wewe. Weka mshale kwenye kichwa, bofya hapa. Mimi nina wateja."

"Kichwa nitakijuaje?"

"Si ulikuwa unashinda darasani ukitia mashine mafuta? Utakijua."

Nikakijua. Kwangu mimi kichwa ni pale mwalimu anapopandisha sauti. Nikawa nasoma kwa kidole, namsikia, nabofya. Shemeji aliporudi nilikuwa nimefika mwisho na mgongo unalia.

Akaiamuru kompyuta itoe orodha ya yaliyomo, akaanza kusoma:

"'Wewe, hiyo ni sindano, si jembe!' ukurasa wa tatu. 'Nani kakata mkono wa kushoto mara mbili?' ukurasa wa saba. 'Ukimeza pini usinililie mimi!' ukurasa wa tisa." Akashika tumbo. "Shem! Kupima kiuno kuko wapi? Kukata kitambaa je?"

"Hayo aliyasema kwa upole."

Alicheka mpaka mteja akachungulia dirishani. Kisha akafuta macho, akayafuta tena. "Nivitoe?"

"Ukivitoa, kitabu kinabaki cha ofisi. Si chake tena."

"Na wakikikataa, chumba kimekwenda."

Chumba kile mke wangu alikitafuta kwa miguu yake mwenyewe, wakubwa wakimzungusha kama pia.

"Ngoja," shemeji akasema. "Kuna mtindo wa vichwa vidogo."

Mada zenyewe akazipa vichwa vikubwa. Makelele ya dada yake akayashusha chini ya mada hizo, akarekebisha mtindo mara moja tu: herufi za kulala, nyeusi ileile, zikaingia ndani kidogo. Zikalala zote kwa pamoja. Mkono wa kushoto ukakaa chini ya Kukata Kitambaa, pini chini ya Usalama.

Ofisini, bwana mkubwa alipitisha kalamu kwenye yaliyomo. Alipofika kwenye pini, midomo ikamcheza.

"Hivi navyo ni vichwa vya mada?"

"Vina mtindo mmoja, mheshimiwa, na kurasa zake," akajibu shemeji. "Mwongozo wenu haukukataza."

Akaupekua mwongozo wake mbele na nyuma. Hakuna. "Huyu mwalimu mwenyewe yuko wapi?"

"Kaburini," nikasema. "Alichoka kusubiri saini yako."

Shemeji akanikanyaga mguu. Bwana mkubwa akainamisha kichwa, akasaini. Lakini kitabu hakukirudisha upesi. Alikuwa kwenye ukurasa wa saba, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Karani wa funguo tulimkuta anakunywa chai. Alipomaliza akatufuata hadi darasani na ufunguo usio wenyewe, ikabidi arudi. Nikakaa kizingitini nikawalaumu wote, kuanzia mlinzi wa geti kwenda juu.

"Laumu polepole, shem," shemeji akaniambia. "Wanafunzi wamepata habari ya vichwa."

Kweli, walikuwa wanakuja wakiruka mashimo, vitambaa kwapani, wanacheka hata kabla hawajatufikia.