Beth Aliyeapa Kunyamaza

Beth wa mtaa wa Landless alikuwa na mdomo, hilo hata mwenyewe alikubali. Kanisani akipiga vigelegele, mhubiri husubiri. Kwa hivyo bintiye Wangeci aliporudi kutoka Ujerumani, anakoimba opera kwenye kumbi za watu waliovaa tai, alimkalisha mamake chini.

"Mum, kesho Ruiru ni mara ya kwanza naimbia watu wetu vile huwa naimba huko. Hakuna makofi katikati. Hakuna vigelegele. Tafadhali, usiniaibishe."

"Mimi? Kwani mimi ni mtoto?" Beth aling'aka. Lakini hilo neno la aibu lilimchoma, akaapa kufunga mdomo hata paa likianguka.

Kesho yake ukumbi wa kanisa la Gatongora, hapo Ruiru, ulijaa pomoni. Odongo, mpiga piano wake, akaanza kupiga, Wangeci akafungua kinywa. Ngai! Ati sauti hiyo ilitoka kwa msichana aliyelelewa kwa githeri ya mahindi na maharagwe! Kiitaliano Beth hakuelewa hata neno moja, lakini machozi yalimtoka tu. Akashika benchi kwa mikono miwili, akanyamaza.

Kisha, katikati ya wimbo, Wangeci naye akanyamaza. Piano ikanyamaza. Msichana amesimama tu, macho juu.

Sasa, kwetu mwimbaji akikwama kanisani haachwi hapo kama nguzo ya stima. Mtu huanzisha pambio, wengine wakadakia, mpaka apate nguvu. Beth akangoja. Kimya. Akakumbuka kiapo chake. Bado kimya. Wee, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi! Akaruka juu, akaanzisha pambio, na akina mama wote wakadakia kwa makofi.

Odongo akageuka, mdomo wazi, vidole bado juu ya piano tayari kuendelea. Hapo ndipo Beth alipoelewa kwamba kile kimya kilikuwa sehemu ya wimbo. Alitamani sakafu immeze.

Lakini Wangeci alikuwa anacheka huku akilia. Akalidaka pambio, akalipandisha juu mpaka mabati yakatetemeka, na watu wakacheza hadi jasho.

Baadaye, nje, Beth hakuthubutu kumwangalia. "Nisamehe, mami. Niliona umekwama."

Wangeci akamkumbatia kwa nguvu. "Mum, mwaka juzi Vienna nilikwama kweli. Nilisahau maneno, nikasimama hapo. Ukumbi ulikuwa umejaa, na hakuna mtu hata mmoja aliinuka."